Mwenye Kichwa cha Mbuzi

Mjukuu wangu Ropafadzo huchora hadithi za picha na kuzipeleka kwenye simu za watu. Nilidhani ni mchezo wa msichana aliyemaliza shule akakosa kazi, mpaka siku moja nilipokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Ngundu. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anamwonyesha mwenzake simu, wote wawili wameziba midomo kwa viganja. Nikachungulia. Nikamwona mwenye kichwa cha mbuzi amesimama mbele ya mlango wangu.

Mlango ni wangu kweli, ule wa bati wenye kiraka cha bluu. Na yule mzee aliyekaa ndani, amenyoosha miguu, nilikuwa mimi.

Mwenye kichwa cha mbuzi ana mwili wa kijana, mwembamba, na shingoni ndipo anapoanza kuwa mbuzi. Kazi yake ni kutembea. Kila Ijumaa Ropa anamsogeza kidogo. Leo yuko kando ya barabara kuu, wiki ijayo amejilaza chini ya daraja, wiki nyingine amegonga nyumba ya watu na hakufunguliwa. Hasemi neno. Watu wa Harare wanamsoma, watu wetu wa Joni, kule kusini, wanamsoma, hata wale waliokwenda Uingereza kuogesha wazee wa wenzao wanamsoma na kumwandikia Ropa kwamba wamelia.

Mtandao kwetu haufiki nyumbani. Unafika juu ya mwamba ulio nyuma ya zizi, ule ninaoanikia kimea na karanga. Kwa hiyo jioni jua likianza kupoa tunapanda wote wawili, mimi na ungo wangu, yeye na simu yake. Mimi namenya karanga, yeye anajibu wasomaji, na huwa ananisomea kwa sauti. Macho yangu hayashiki tena maandishi madogo, na hata yangeshika, shule niliiacha mapema mno.

"Huyu anasema mbuzi wangu ana ndevu kuliko mchungaji wao."

"Mwambie amlete mchungaji tumnyoe."

"Huyu anauliza kama mbuzi ana mchumba."

"Mwambie mimi hapa."

Ropa alicheka, akaendelea kusogeza kidole. "Kuna mpya huyu, anajiita Jirani. Hana sura, ameweka picha ya baiskeli tu. Anauliza, yule bibi aliye ndani, mbona kila picha amenyoosha miguu na hatazami mlango?"

"Mwambie miguu inauma, na mlango nimeshauona."

Akaandika. Simu ikalia.

"Anauliza kama ni mtu wa kweli. Nimwambie?"

"Mwambie."

"Nimemwambia ni Ambuya wangu, tumekaa naye hapa hapa." Akangoja. Jibu lilichelewa kidogo. "Anauliza kama unajua kwamba nimekuchora."

"Mwambie najua, na kwamba umeninenepesha makusudi. Na hizo nyayo si zangu. Umenipa nyayo za askari."

"Anasema nikupe heshima zake. Anasema amekaa chini anakupigia makofi."

Nikaweka ungo chini na mimi nikapiga makofi polepole, viganja vimepishana, kama anavyoamkiwa mwanamume wa watu. Sikumjua ni nani. Lakini mtu akikuamkia, unaitika.

Tangu siku hiyo Jirani akawa wa kila jioni. Wasomaji wengine humwuliza Ropa mbuzi atafika lini. Huyu alitaka kujua vitu vilikotoka. Yule mamba mwenye kofia ya askari, anayewavusha watu na kuwavua viatu, alitoka wapi? Ropa akamwambia ametoka kwenye midomo ya watu waliorudishwa na polisi, kila mmoja ana mamba wake. Na mto je? Mto Ropa aliuchora kama mwanamke mnene anayefua nguo, hana haraka, anaimba.

"Anasema mto sikuupata," Ropa akaniambia, na nilijua sauti yake imeudhika. "Nimeambiwa na wangapi kwamba mto ndio picha yangu nzuri kuliko zote. Yeye anasema haimbi. Sikia: 'Watu hukwambia utasikia maji. Husikii kitu mpaka yamefika kifuani.'"

"Basi mzibe mdomo huyo mwanamke wako," nikasema. "Kuna anayejua."

"Kila mtu ni mjuzi akiwa na simu, Ambuya."

Lakini Ijumaa ile mto ulitoka umefumba mdomo.

Sasa niseme ya kwetu. Nilikuwa na wajukuu wawili wa kiume. Ngoni ni wa mwanangu mkubwa, Chenjerai. Kudzanai, ndugu yake Ropa, ni wa mwanangu mdogo, aliyekufa zamani, kwa hiyo Kudza nilimlea mimi. Tulikuwa na utani wetu. Nikimwita mume wangu, ananiita mke wangu, na alipokuwa mdogo alikuwa ananifokea mbele za watu kwamba mke gani huyu anachelewesha sadza jikoni. Hao wawili waliondoka pamoja kwenda kutafuta kazi kusini, hawana pasi za kusafiria, mvua za mwisho zikiwa hazijaisha. Ngoni mto ulimrudisha. Polisi walimleta, Mama Ngoni akamtambua kwa meno, tukamzika. Kudza hakuonekana. Tulingoja mavuno, tukangoja tena mavuno mengine. Hakuna simu, hakuna salamu kwa mtu. Ndipo watoto wa boma hili wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine, na Chenjerai akaenda kuuliza kwa wanaojua. Akaambiwa kuna mtu wenu analala nje, ana baridi, mpeni mahali.

Kwa kuwa mwili haukuwapo tulifanya inavyofanywa. Alichinjwa mbuzi, kichwa chake kikavikwa blanketi la Kudza, kikawekwa kaburini kando ya Ngoni. Watu walilia kile kichwa kama wanavyolia mtu. Nguo zake tukazigawa. Koti lake jekundu alipewa mwana wa shangazi yake, hadi leo linapita hapa likienda dukani na mimi hugeuza uso.

Ropa hakulia siku ile. Alikaa ukutani akiangalia kaburi. Baada ya hapo ndipo akaanza kumchora.

Ngoni hakumchora hata mara moja. Mama Ngoni ndiye aliyemwomba. Alisema, "Wako mtembeze utakavyo, mwanangu. Wangu niachie amelala." Ndiyo maana katika picha zote mwenye kichwa cha mbuzi yuko peke yake.

Jioni moja Jirani akauliza hilo.

"Anasema, mbona anatembea peke yake?" Ropa akasoma. "Nimemjibu, ndivyo nilivyomchora." Simu ikalia tena. Hakunisomea.

"Anasemaje?"

"Anasema alifikiri walikuwa wawili."

Akaigeuza simu ikalala kifudifudi kwenye mwamba. Tukakaa. Mbuzi wa jirani walikuwa wanarudi, kengele zao zinagongana. Baada ya muda akaiinua tena, maana kijana ni kijana, hawezi kuiacha.

"Sasa anauliza kichwa cha mbuzi nilikipata wapi. Anasema amejiuliza tangu picha ya kwanza. Eti ni ndoto? Ni pepo?"

"Mwambie."

"Ambuya, hilo sijamwambia mtu huko mtandaoni."

"Wa hapa wote wanalijua. Wa huko, kichwa kikimsumbua, mwambie."

Akaandika kirefu, vidole vinakimbia. Akanisomea kabla ya kutuma: kwamba alikuwa na kaka, kwamba alipotelea mtoni, kwamba mwili haukupatikana, kwa hiyo nyumbani walizika kichwa cha mbuzi mahali pake, na yeye siku ile alijiuliza, huyu kaka akirudi sasa atarudi na kichwa gani. Akatuma.

"Amesoma," akasema.

Hakujibu. Si jioni ile, si kesho yake, wala wiki ile.

Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja mvua, nimengoja wanaume, nimengoja hospitalini. Lakini ile ya Jirani sikuingoja vizuri. Nilikuwa namenya karanga naona nimetupa mbegu na kuweka maganda.

"Ropa," nikamwambia siku moja. "Huyu Jirani anajua walikuwa wawili."

"Kila mtu wa hapa anajua. Si walikuja wote matangani wakala ng'ombe?"

"Aliyekuja matangani alikiona kichwa kikizikwa. Huyu hakukijua kichwa."

"Basi ni mtu wa Joni. Habari zinafika huko nusu nusu."

"Nusu inayofika ni ya mbuzi. Hiyo ndiyo watu wanayoipenda. Huyu anajua ya mtoni, ya nyumbani haijui. Sasa wewe uliyesoma niambie, nani anajua ya mtoni na ya nyumbani asiijue?"

"Ambuya, matapeli wamejaa. Wanasoma huzuni za watu, halafu wanaomba nauli."

"Ameomba nini?"

Akaangalia pembeni.

"Nakuuliza, ameomba nini?"

"Hajaomba," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Usinifanyie hivi. Mimi nilishamlia. Nimemlia picha kwa picha. Sina machozi ya kumlia akiwa hai."

Jambo lenyewe halikutupa nafasi ya kubishana. Jumapili iliyofuata Chenjerai alikuja uani kwangu na wazee wawili wa ukoo, wakakaa chini, wakapiga makofi. Nilijua kabla hawajafungua kinywa. Mwaka wa kaburi ulikuwa umepita na baridi imekatika katikati. Wakati ulikuwa umefika wa kumrudisha Kudza nyumbani, aache kutangatanga, akae pamoja na wakubwa wa nyumba hii na kututazama.

"Tunaomba utupikie, Mama," Chenjerai akasema.

Pombe ya kumrudisha mtu haipikwi na mwanamke anayezaa bado. Katika boma letu mpishi ni mimi.

"Mukanya," nikamwambia, na ninapomwita mwanangu kwa jina la ukoo anajua nasema na mwanamume, "hatuwezi kungoja kiangazi kingine?"

"Tungoje nini?"

Ningesema nini? Kwamba kuna baiskeli kwenye simu ya Ropa? Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amekonda tangu Ngoni afe, mabega yamekuwa kama ya mvulana. Nikasema nitaloweka ulezi kesho.

Nililoweka. Ulezi unakaa majini mpaka uvimbe, unatolewa, unafunikwa mpaka uote, halafu unaanikwa. Niliuanika juu ya mwamba, Ropa amekaa kando yake, na nilijua ninachotaka. Nilitaka mtu mmoja aseme, mimi hapa, kabla pombe haijamwagwa kaburini. Baada ya kumwagwa, jina lake linahamia upande wa pili, na sijawahi kusikia mtu aliyerudishwa kutoka huko.

Mama Ngoni alikuja kunisaidia kugeuza kimea, ingawa si kazi ya mwanamke wa umri wake. Nilimwacha. Alikuwa anageuza kwa kiganja, polepole, kama anampapasa mtoto.

"Mama," akaniambia, "unajua siku hizi nalala?"

"Nimeona. Uso umerudi."

"Nilikuwa naona amekwenda peke yake kwenye yale maji. Ndilo lililokuwa linaniamsha. Kisha nikajiambia, hakuwa peke yake, alikuwa na Kudza, walizama wote, kaka na kaka. Nikalala." Akapuliza vumbi la kimea mikononi. "Heri walikwenda wawili. Nakwambia kweli, angekuwa mmoja ningekuwa naokota makopo barabarani."

Niligeuza kimea upande wangu.

Siku niliyosaga kimea na kukipika mara ya kwanza, Jirani alirudi. Ropa alishuka mbio kutoka mwambani hadi jikoni, ameshika simu mbali na mwili kana kwamba inachoma.

"Ameandika. Anasema samahani kwa kupotea."

"Twende mwambani."

"Ambuya, nikimuuliza akasema ndiye, kumbe siye?"

"Hatumuulizi. Zungumza naye habari za katuni, kama kawaida yenu."

Tukapanda. Ropa akaandika na kunisomea kila neno. Alimwambia kwamba hadithi inakaribia mwisho, kwamba watu wa mwenye kichwa cha mbuzi wanapika pombe ya kumrudisha nyumbani, na amekwama, hajui ammalizeje. Jirani angemmaliza vipi?

"Anauliza, pombe ya kwenye picha au ya kweli?"

"Mwambie zote mbili."

Tulingoja. Upepo ulikuwa mkavu. Mwishowe yakaja maneno mengi kwa pamoja, na Ropa aliyasoma kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu, bila kupandisha wala kushusha.

"'Kuna kitu unaweza kuongeza ukitaka. Walikuwa wawili. Mvushaji aliwaambia washikane mikono, wakashikana. Maji yalipofika kifuani yule mwingine akateleza, akawa mzito. Mwenye kichwa cha mbuzi akaufungua mkono wake. Haukuchomoka. Aliufungua. Ndiyo maana hasemi. Wasomaji wako wanadhani hasemi kwa sababu ni mbuzi.'"

Ropa akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Simu ikabaki mapajani.

"Iokote," nikamwambia.

"Siwezi."

"Iokote, mwanangu. Mimi sijui kuandika humo. Andika: bibi wa kwenye katuni anasema, mume wangu, mlango uko wazi."

Aliinua macho akanitazama. Neno hilo halimo kwenye picha yoyote. Akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena.

"Ameliona," akasema. "Anaandika." Kisha, "Ameacha." Kisha, "Anaandika tena."

"Soma."

"'Mwambie bibi wa kwenye katuni afunge mlango. Baridi hii itamwingia mifupani.'"

Nilicheka. Sijui kwa nini, ilitoka tu. Ndivyo alivyokuwa, mtoto wa kunifokea.

"Anauliza, mama wa yule mwingine yupo?"

"Mwambie yupo."

"Anauliza kama analala."

"Mwambie siku hizi analala."

"Anauliza huwa anasemaje." Ropa akangoja, kidole hewani. "Nimwambie nini, Ambuya?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ningesema mama huyo anasema arudi tu, yamepita. Lakini mtoto nimemlea mimi, uongo wangu anaujua unavyotembea.

"Mwambie ukweli."

Ropa akaandika kwamba anasema heri walikwenda wawili.

Jibu lilichukua muda mrefu kuliko yote. Ndege walishaanza kurudi kwenye miti ya zizini.

"'Basi mwacheni mbuzi arudi,'" Ropa akasoma. "'Akirudi mtu, yule mama ataamka kila asubuhi amkute amekaa uani na mkono wake. Mbuzi hana mkono. Mwambie bibi asiiharibu pombe.'"

Hakuna mtu mwingine duniani angejua kwamba nilikuwa nimeliwaza hilo. Pombe ya mtu ikichacha vibaya, wazee husema mwenyewe amekataa, na shughuli inaahirishwa. Mpishi akitaka iharibike, inaharibika. Nilikuwa nimeliwaza tangu ulezi ulipoota, na sikumwambia hata Ropa.

"Mwambie nitaiharibu," nikasema.

Akaandika. Akaangalia. Akatikisa simu, akasimama, akaiinua juu kutafuta mtandao.

"Haifiki," akasema. "Mtandao upo, lakini haifiki." Akaminya hapa na pale. "Baiskeli imeondoka, Ambuya. Amejifuta. Jirani hayupo."

Alikaa pale mpaka giza lilipotuondoa. Alijaribu jina, alijaribu kumtafuta kwa maneno yake ya zamani, yote yalikuwa yameondoka naye. Hata yale ya nyayo za askari.

Mitungi ilikuwa jikoni, imefunikwa kwa majani, inachemka yenyewe kwa ndani kama tumbo la mtu aliyeshiba. Siku ya kuchuja niliamka kabla ya watu. Nilichota chumvi kwenye kopo, ngumi nzima, nikasimama juu ya mtungi mkubwa. Sikuwa na haraka. Nilijiambia, ikiharibika leo, napata kiangazi kimoja. Katika kiangazi kimoja mtu anaweza kuona haya, anaweza kukumbuka, anaweza kuchoka kuwa peke yake. Anaweza kurudi na baiskeli nyingine.

Mama Ngoni alikuwa anaingia uani na mzigo wa kuni. Alikuwa anaimba. Si wimbo wa maana, ule wanawake wanaouimba wakitwanga, wa kumcheka mwanamume aliyeogopa chura. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu polisi walipokuja na gari lao. Alitua kuni, akaokota moja iliyoanguka, akarudia ubeti wa chura.

Nikarudisha chumvi kwenye kopo. Nyingine ilikuwa imeganda kwenye kiganja kwa jasho, nikaiosha.

Nikachuja. Nilichuja vizuri, kama nisivyowahi kuchuja, nikakamua machicha mpaka tone la mwisho.

Siku yenyewe watu walikuwa wengi. Chenjerai alibeba mtungi mdogo hadi kaburini, akapiga magoti, akamwaga. Alisema, "Kudzanai, mwanetu, inuka sasa. Ulilala nje muda mrefu. Njoo nyumbani ukae na babako, ututazamie watoto." Wakavuta tawi la kumwongozea njia kutoka kaburini hadi mlangoni kwangu wakiimba, wanawake wakipiga vigelegele, na mimi nilipiga, kwa kuwa bibi wa nyumba asipopiga watu watauliza. Ropa alikuwa upande wa pili wa tawi. Hatukutazamana.

Wazee walikunywa. Chenjerai alinywa kata nzima, akafuta mdomo, akaniletea mwenyewe.

"Mama, pombe kama hii hujawahi kuipika," akasema. "Mtoto ameridhika huko aliko."

Mabega yake yalikuwa yameshuka, amepumzika. Nikapokea kata kwa mikono miwili.

Ijumaa ile Ropa alitoa picha ya mwisho. Mwenye kichwa cha mbuzi ameingia ndani, amekaa, na bibi amenyoosha miguu kando yake. Wasomaji walimwandikia mamia. Wakasema wamefarijika. Wengine walitaka kujua hadithi inayofuata itahusu nini, na kama wahusika wake huwa anawatoa kwa watu wa kweli. Hakuwajibu. Simu sasa anaitumia kuuliza bei ya mahindi. Siku moja nilimwambia achore tu hata kuku, akasema mkono umekuwa mzito.

Mimi nimebaki na kazi yangu. Juzi mtoto mdogo wa Chenjerai aliamka na homa, anakohoa, na Mama Ngoni akaja mlangoni kwangu amembeba mgongoni.

"Mama, mwambie Kudzanai amwangalie huyu," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unapendana naye."

Nikachukua ugoro, nikaenda nyuma ya nyumba mahali tunaposemea na wakubwa. Wengine wote wapo pale, marehemu mume wangu, mwanangu mdogo, Ngoni. Ukiwaita unahisi mtu amegeuka. Niliwaita mmoja mmoja wakageuka. Nilipofika kwa Kudza nikaweka ugoro chini, nikapiga makofi, na pale palikuwa na udongo tu. Mama Ngoni alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto, anasikiliza.

Sikujua nimwombe nini. Nikamuuliza kama amekula.